Mtafsiri Aliposhika Maiki: Kisa cha Filamu za Bure Chuoni Mtwara

Klabu ya filamu ya wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mtwara mjini ilipokea barua pepe kutoka kwa mwongozaji wa filamu wa Afrika Magharibi. Alikuwa amewaruhusu waioneshe filamu yake mara moja, bila kiingilio na bila kumlipa. Sasa alikuwa amekutana na klipu ya dakika chache iliyorekodiwa kwa simu ukumbini, imezunguka WhatsApp mpaka ikamfikia. Ndani ya klipu ile sauti ya mwanafunzi inatafsiri kwa Kiswahili juu ya filamu, inatania, na pengine inatunga kabisa, huku ukumbi ukiangua kicheko. Mwongozaji alitaka klipu ifutwe. Alitaka pia kujua ni nani aliyewapa idhini ya kuweka sauti yao juu ya kazi yake.

Viongozi wa klabu walinitafuta niwasaidie kujibu. Majina nimeyaacha yote, la chuo, la filamu na la watu, kwa kuwa wengine bado wako masomoni. Kisa chenyewe nakieleza kwa urefu, maana kila aliyekisikia amekimbilia upande mmoja: ama mwongozaji anaringa, ama wanafunzi wameharibu. Nilivyokiona mimi, yule mtafsiri ndiye aliyeiokoa shughuli ile isife, na mwongozaji naye alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Klabu ilijaribu kuchagua mmoja wa kumtetea, na hapo ndipo ilipokwama.

Shughuli ilivyoanza

Wazo lilikuwa zuri. Filamu huru, zile zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa kwa fedha za kuokoteza huku na kule, haziji kusini kirahisi. Mtanzania anayezifuata sana huvuka kwenda Unguja kwenye tamasha la filamu la ZIFF, ambalo limekuwa likifanyika tangu 1998. Baada ya tamasha nyingi hubaki kwenye kompyuta za waliozitengeneza. Klabu ikaona iwaandikie waongozaji moja kwa moja na kuwaomba. Wengi hujibu, tena kwa upole kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu mwongozaji wa filamu huru ana njaa ya watazamaji. Wakapata filamu kadhaa kwa njia hiyo, kila moja na kiungo chake na nywila yake.

Vifaa vilikuwa vya kuazima. Projekta ya idara, spika za ukumbi, mashuka mawili meupe yaliyounganishwa na fundi cherehani wa sokoni, na jenereta ndogo. Tunaishi juu ya gesi ya Mnazi Bay na mitambo ya umeme iko papa hapa, lakini mwenyeji yeyote wa Mtwara atakwambia usipange shughuli ya usiku ukitegemea umeme peke yake.

Usiku wa kwanza ukumbi ulijaa. Wa pili ulijaa kiasi. Baada ya hapo walibaki wanaklabu na marafiki zao, na wengine kati yao walikuwa wanachati. Uongozi ukatoa hukumu ambayo nimeisikia mara nyingi kwa watu wa sanaa: wanafunzi wetu hawana utamaduni wa kutazama filamu nzito, wamezoea kupigana na kupendana.

Hukumu hiyo siikubali, na mtu akikaa kwenye ukumbi ule ataona kwa nini. Sakafu ni tambarare, viti ni vya plastiki, na shuka limening'inizwa kiasi kwamba ukingo wake wa chini unalingana na vichwa vya walioketi mbele. Maandishi ya chini, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, yanaangukia hapo hapo. Kuanzia mstari wa nne kwenda nyuma, mtazamaji anaona nusu ya sentensi katikati ya nywele za mtu. Hata anayeyaona vizuri, mistari miwili yenye herufi 40 hivi kila mmoja hukaa sekunde 6 tu, mara nyingi pungufu, na ni ya Kiingereza, wakati waigizaji wanazungumza lugha nyingine kabisa. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza cha mtihani kwa kutulia na kamusi pembeni hawezi ghafla kukisoma mbio mbio, gizani, huku akitazama uso wa mtu anayelia. Atachoka kwanza, kisha atatoka. Kutoka huko hakuna uhusiano na utamaduni.

Siku nayo ilikuwa ya kujitakia shida. Waliweka Alhamisi, saa 1 usiku. Katika mji wa pwani usiku wa kuamkia Ijumaa una shughuli zake, na saa 1 iko katikati ya Magharibi na Isha. Ukijumlisha na Simba au Yanga wakicheza, umebaki na nani? Hilo lilirekebishwa haraka: wakahamia Jumatatu, saa 2 kasoro robo, na filamu iishe kabla ya saa 3:40 usiku ili mabinti wa hosteli wawahi geti kabla ya saa 4.

Mama wa mihogo

Jumatatu moja mama anayeuza mihogo ya kukaanga nje ya geti aliingia na binti zake wawili. Shughuli ilikuwa ya wazi kwa majirani tangu mwanzo, ila majirani walikuwa hawaji. Akakaa karibu na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Filamu ilipoanza akamgusa bega: "Mwanangu, anasemaje huyo mzee?"

Kijana akamnong'oneza. Akaulizwa tena, akanong'oneza tena. Waliokuwa mstari wa nyuma wakaanza kuegemea mbele ili wasikie. Mmoja akasema, "Sema kwa sauti, kaka, wote tusikie." Baada ya robo saa mtu alikuwa ameleta maiki.

Yule kijana hakuwa anaanza kutoka sifuri. Amekulia Masasi, na ujana wake umepita kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuoneshea video, akitazama filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilizotafsiriwa na mabingwa wa aina ya Lufufu, ambao Watanzania wa rika fulani wanazikumbuka sauti zao kuliko sura za waigizaji wenyewe. Anajua kubadilisha sauti kwa kila mhusika. Anajua kuwahi, yaani kumaliza sentensi kabla mhusika hajafunga mdomo. Jambo gumu zaidi pia analijua: kumwambia mtazamaji yule aliyeingia sasa hivi ni nani, bila kuharibu kinachokuja.

Wiki zilizofuata ukumbi ulijaa. Walikuja vijana wa bodaboda kutoka Chikongola, wake kwa waume kutoka Shangani, watoto waliokaa chini mbele kabisa. Baada ya filamu watu walibaki wakibishana, jambo ambalo klabu ilikuwa imelitamani tangu mwanzo na ilikuwa haijalipata hata siku moja. Uongozi ukaacha kujiuliza maswali. Hakuna aliyemwandikia mwongozaji yeyote kumwambia kwamba filamu yake sasa ina msimulizi.

Katibu wa AMCOS

Ikafika filamu yenye kesi. Ni hadithi ya mjane ambaye shemeji yake amejipa usimamizi wa mali ya marehemu. Katikati ya filamu kuna tukio ambalo shemeji anahesabu fedha za mavuno juu ya mkeka, mbele ya mjane. Anatenga fungu, anatenga jingine, anatenga jingine tena, na kinachobaki anamsogezea mwanamke kwa ncha ya kidole. Tukio zima halina neno hata moja. Kuna mlio wa sarafu, na mtoto anayekohoa chumba cha pili.

Mtafsiri wetu akalijaza. Alishampa shemeji jina tangu mwanzo wa filamu: katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Sasa kila fungu linapotengwa yeye yuko kwenye maiki: "Hili la chama. Hili ushuru. Hili la magunia. Hili sijui la nini, ila lipo kwenye fomu. Haya mama, chukua lako, na ukaseme asante." Ukumbi ukapasuka. Nusu ya watu mle wana mzazi au mjomba aliyepeleka korosho ghalani, akasubiri mnada, kisha akasimama mbele ya karatasi ya malipo akitazama makato. Waliielewa ile dhuluma kwa undani ambao maandishi ya chini yasingewapa, kwanza kwa vile hapo hapakuwa na maandishi yoyote.

Klipu iliyomfikia mwongozaji ilikuwa hiyo hiyo.

Yeye alichokiona ni tukio la ukimya, alilolipima kwa sekunde, likigeuzwa kichekesho. Alichosikia ni watu wakicheka wakati mjane anaporwa. Hajui korosho, hajui AMCOS, wala hakuna aliyemweleza. Nimeitazama klipu ile mara kadhaa, na ukiitazama bila kujua Mtwara, kwa kweli inaonekana ni watu wanaomcheka mwanamke.

Idhini ilifika wapi

Klabu ilijitetea kwa sababu mbili: shughuli ni ya bure, na ni ya chuo. Zote mbili hazishiki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua juu ya kuoneshwa kwa kazi yake hadharani, na pia juu ya kutafsiriwa kwake. Kutotoza kiingilio hakubadilishi kitu hapo. Kunapunguza tu hasira ya mtu. Zipo nafasi zilizoachwa kwa ajili ya kufundishia, lakini mwalimu anayeonesha kipande darasani si sawa na usiku wa wazi wenye bodaboda na mama wa mihogo. Idhini waliyokuwa nayo ilisema kuonesha, mara moja. Haikusema kutafsiri, na ya kurekodi haikuwepo kabisa.

Kuna na haki ya pili isiyohusiana na fedha: mtunzi anaweza kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Imo katika sheria yetu, na imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania iliingia 1994, kwa hiyo mtunzi wa kigeni naye inamfuata mpaka hapa. Katika kisa hiki haki hiyo ndiyo nzito kuliko zote, kwani mwongozaji hakudai hata shilingi.

Na Bodi ya Filamu? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka filamu inayooneshwa hadharani iwe na kibali, na hatua ya kwanza kwa watu wa mkoani ni kwenda kwa afisa utamaduni wa manispaa. Klabu haikuwahi kugonga mlango huo. Kwa bahati hakuna aliyewauliza, ingawa watoto waliokaa mbele kwenye filamu za watu wazima wangetosha kuleta swali. Niliwaambia waende, na wakaenda.

Kutafsiri ni kazi ngapi?

Wapo walioshauri dawa rahisi: mwondoeni mtafsiri, rudini kwenye maandishi ya chini, mwombeni radhi mwongozaji. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba kibanda umiza hakina nafasi chuo kikuu.

Historia haimuungi mkono. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu wenye makao yake Vugiri, Tanga, uliozungusha sinema vijijini Afrika Mashariki, na filamu zile ziliendana na maelezo ya lugha za wenyeji kupitia kipaza sauti. Watu wa huku walikutana na sinema ikiwa tayari na mtu anayeisemea. Tofauti ni kwamba sauti ya mkoloni ilikuja kumfundisha mkulima namna ya kuishi, na sauti ya kibandani ni ya mkulima mwenyewe anayeijibu picha. Uganda wana watu wao wanaoitwa VJ wanaofanya kazi hii kwa Kiganda, na wana mashabiki kama wasanii wengine. Kumwita kijana wa Masasi mharibifu ni kusahau kwamba amerithi ufundi wenye umri mkubwa kuliko vyuo vyetu.

Ila ufundi huo una kazi tatu ndani yake, na klabu ilizichukua zote kama moja. Kuna kutafsiri maneno ya wahusika. Kuna kufafanua jambo ambalo mtazamaji wa hapa hawezi kulijua, mathalani kwa nini mjane amevaa rangi ile, au mzee yule ana cheo gani kijijini. Na kuna kuongeza: majina ya utani, vichekesho, maneno mahali pasipo na maneno. Mbili za kwanza zinamtumikia mwongozaji. Ya tatu ni kazi ya msanii mwingine inayopanda mgongoni mwa ya kwanza. Inaweza kuwa nzuri, na usiku ule, nathubutu kusema, ilikuwa nzuri kwelikweli. Ila ina mtunzi wake, na huyo si yule aliyeandikwa kwenye bango la klabu.

Nikawaambia wamjibu mwongozaji hivyo hivyo, bila kujikunyata. Barua ilianza na klipu: imefutwa kwenye makundi yote ambayo klabu inayasimamia, na walioipokea wameombwa waifute. Ikafuata maelezo ya ukumbi, sakafu tambarare, mama wa mihogo, Kiingereza. Halafu aya moja juu ya korosho, ghala, mnada na makato, ili ajue watu walicheka nini. Mwisho ombi: kama ataruhusu filamu ioneshwe tena, ikiwa na mtafsiri wa maneno na ufafanuzi tu, na ukimya ubaki ukimya. Wakaomba pia orodha ya mazungumzo yote ya filamu, ili kijana aandae tafsiri mezani badala ya kuikimbiza papo kwa papo.

Mwenyekiti wa klabu alitaka kuongeza kwamba "tunasikitika sana kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Nikamwomba aifute sentensi hiyo. Inasomeka kama tangazo la kukatika kwa maji.

Majibu

Mwongozaji alichukua muda, kisha akaruhusu, na orodha ya mazungumzo akaituma. Aliuliza maswali mengi kuhusu korosho kuliko kuhusu klipu. Sharti lake lilikuwa moja zaidi ya tuliyopendekeza: kabla ya kuanza, watazamaji waambiwe kwamba sauti watakayoisikia ni ya mtafsiri wala haimo kwenye filamu.

Klabu ikawaandikia na waongozaji wengine waliokuwa kwenye ratiba. Baadhi walikubali. Mmoja alikataa katakata, na filamu yake ikaoneshwa darasani kwa walioweza kusoma maandishi, shuka likiwa limepandishwa juu ya ubao. Walikuja wachache na hakuna aliyelalamika.

Marudio ya filamu ya mjane hayakuwa ushindi. Kijana alikuwa ameandaa tafsiri yake vizuri, ameitazama filamu peke yake kabla, na sauti zake za wahusika zilikuwa safi. Lilipofika tukio la mkeka akanyamaza. Ukumbi ukasubiri. Sarafu zikalia, mtoto akakohoa, na kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Hili la chama!" Watu wakacheka tena, kidogo. Mtafsiri akakaa kimya mpaka tukio likaisha. Nje, baadhi ya watu wa mtaani walisema siku ile amefungwa mdomo. Mwenyewe alimwambia mwenyekiti, "Mkitaka mtu wa kusoma taarifa ya habari, mtafuteni. Mimi nimekubali kwa hii tu."

Hoja yake ina uzito. Ndiyo maana nimewashauri watenganishe: Jumatatu nyingi ziwe za tafsiri ya adabu, kwa idhini, na mara moja moja wawe na usiku wa maiki huru kwa filamu ambayo mwongozaji wake ameambiwa wazi kitakachotokea na amekubali. Mwongozaji wa Kitanzania ambaye naye amekulia kibandani anaweza hata kulifurahia jambo hilo. Na ratiba iwe na filamu za Kiswahili kwa wingi. Mathalani Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi wa wanafunzi hawa wameisoma sekondari. Mjadala wake ungeanza kabla taa hazijazimwa. Lakini wasikimbilie Kiswahili kwa kuogopa lugha nyingine. Mama wa mihogo alifuata filamu ya watu asiowajua, na bado anakuja.

Kuna jambo ambalo hadi naandika halijaamuliwa. Klabu inanunua petroli ya jenereta kila wiki. Inamlipa fundi wa spika. Mtafsiri, ambaye sasa anatumia jioni mbili kuandaa kila filamu na ndiye anayewaleta watu, halipwi chochote, kwa maelezo kwamba shughuli ni ya bure. Mweka hazina anasema fungu hilo halipo kwenye bajeti iliyopitishwa na serikali ya wanafunzi. Nimemwambia bajeti hiyo ina fungu la "viburudisho vya wageni", na kwamba kwenye shughuli hii mgeni ambaye amewahi kupewa hata soda simfahamu. Wanakutana wiki ijayo kulijadili.